Uzi: Tusiwafanye watoto wafagiaji wa pwani tu. Yaliyotukuta kwa vifuko vya barafu na ubuyu

Bint Mwani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja, Pemba na mlio nje.

Huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naandika, tena nitarefusha, mniwie radhi, kwa sababu jambo hili limenikaa rohoni.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi Kusini Unguja, pwani ya mashariki. Mama yangu ni mkulima wa mwani. Kilimo hicho kilipoanza huku kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye alikuwa msichana, na mpaka leo yumo majini. Nimekulia kwenye maji ya magoti, nabeba kamba.

Kila mwaka ikifika Juni, tarehe 5 kwa Siku ya Mazingira na tarehe 8 kwa Siku ya Bahari, watoto hutolewa madarasani, wakapewa viroba, wakapelekwa pwani kuokota taka. Wageni huja, hotuba husomwa, picha hupigwa. Wakimaliza hupewa soda. Soda yenyewe ni ya chupa ya plastiki, na mimi kwa mikono yangu nimeshazigawa. Wiki mbili baadaye pwani iko vile vile, na mtoto yule yule aliyeokota ndiye anayetupa. Nilikuwa nawalaumu wao. Nikisema ni wakaidi, hawasikii.

Siku iliyonifumbua macho ilikuwa ya bamvua, siku za maji makuu. Maji yalijaa usiku mpaka kwenye mizizi ya minazi, asubuhi yakapwa, yakaacha ule mstari wake mrefu: majani ya bahari, mwani uliokatika, vipande vya ndara, vifuniko, nyuzi za nyavu. Tumo kuokota, msichana mmoja wa darasa la nne akasimama, akakinyanyua kifuko cha barafu juani, akasema: "Mwalimu, hiki changu."

Wenzake wakamcheka. Nikamuuliza amekijuaje. Akanionesha pembe iliyotafunwa. "Mimi natafuna kwa upande, meno ya mbele sina." Akafungua kinywa, na kweli hana.

Kiwe chake, kiwe cha mwenzake, watoto wote walinyamaza. Kisha mmoja akauliza jambo ambalo mimi mtu mzima sikuwahi kujiuliza: "Na kile kipembe tunachokitema, kiko wapi?"

Mnajua mtoto anavyokula barafu ya kifuko. Anang'ata pembe, anaitema chini, halafu anafyonza. Hata yule mtoto mwema kabisa, anayekishika kifuko mpaka kwenye pipa, kipembe keshakitema. Ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole cha mwisho, hakiokoteki. Upepo unakisukuma, mvua inakichukua, na jua linakimegua vipande vipande mpaka macho hayakioni tena. Wataalamu huita mikroplastiki kila kipande kilicho chini ya milimita 5. Mimi nilikuwa naifundisha kama kitu cha maabara ya Ulaya, kumbe inaanzia kwenye meno ya mtoto mlangoni pa skuli yangu.

Tangu siku hiyo nikaacha kuwaambia "okoteni". Nikaanza kuwauliza "kimetoka wapi?"

Tukatandika mkeka mkuukuu chini ya mkungu, tukamwaga viroba, watoto wakapanga kila kitu na wenzake. Fungu la vifuko vya barafu, ubuyu na karanga. Fungu la vijiti vya pipi. Fungu la nyavu. Fungu la vile vikamba vyembamba vya plastiki vya kufungia mwani, ambalo lilinitia aibu kwa sababu najua anayevifunga ni nani. Na fungu la vifuniko vya chupa, kubwa ajabu. Mvulana mmoja akatazama, akasema: "Mwalimu, vifuniko vingi, mbona chupa chache?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kesho yake nikaja na beseni la maji ya bahari, mkasi na chupa moja ya maji. Tukakata kipande cha chupa, tukakitia majini pamoja na kifuniko. Kifuniko kikaelea. Kipande cha chupa kikazama, kikalala chini kama jiwe. Wakarudia mara tano, sita, kila mtu anataka kuona kwa macho yake. Sababu ni kwamba chupa na kifuniko chake si plastiki moja: ya kifuniko ni nyepesi kuliko maji, ya chupa ni nzito. Chupa iliyofungwa huelea kwa sababu ya hewa iliyomo ndani. Ikifunguka ikaingia maji, inakwenda chini. Basi pwani tunaona vifuniko, chupa zenyewe ziko kwenye matumbawe na kwenye nyasi za bahari. Yule mvulana akasema, "Ndiyo maana baba anasema pweza siku hizi anamkuta ndani ya chupa." Baba yake anakwenda pweza kila maji yakipwa. Mtoto alikuwa na habari hiyo siku zote, hakupata tu mtu wa kumuuliza.

Hapo ndipo tulipoanza na vikombe. Watoto wenyewe ndio waliosema: mama wa ubuyu pale mlangoni anaweza kututilia kwenye kikombe. Mzee mmoja jirani akatupa vifuu vya nazi, watoto wakavisugua kwa majani ya msasa mpaka vikawa laini, wakavipaka mafuta ya nazi. Kila mtu na kifuu chake, na alama yake chini.

Naleta hapa kwa sababu najua humu kuna wazazi, wavuvi, walimu wenzangu na wauza vitu. Kwenu mnafanyaje na watoto? Na wapi mnakwama?

---

Mkojani

Waalaykumu ssalaam mwalimu. Mungu akuzidishie.

Umesema vifuko, mimi niseme nyavu, maana ndiyo kazi yangu. Zamani nyavu zilikuwa za uzi wa pamba, ukiupoteza baharini unaoza. Nailoni haiozi. Wavu uliokatika ukanasa kwenye mwamba unaendelea kuvua bila mwenyewe: samaki ananasa, anakufa, anawavuta wengine, nao wananasa. Mwaka mzima. Nimewahi kuupandisha wavu wa namna hiyo, jarife, ndani yake mifupa na kasa mmoja mdogo. Huyo kasa namkumbuka mpaka leo.

Na kasa huyo huyo, mfuko wa plastiki ukielea majini anauona kama konyeza. Konyeza, yule kiumbe laini wa baharini, ni katika vyakula vyake. Anameza, tumbo linajaa kitu kisichosagika, anakufa na njaa ameshiba. Watoto wangu niliwaonesha: nilitia mfuko mweupe majini kwenye kina kidogo, nikawaambia chovyeni nyuso mtazame. Mdogo akasema, baba, unapumua! Nikautoa, nikautia chomboni. Sikuhitaji kusema jengine.

Sisi wa Pemba tuna mfano wetu, nao ni Misali. Wazee wanasimulia kuwa Nabii Khidhri alifika pale akaomba msala wa kusalia, wavuvi hawana, akasema kisiwa chenyewe ndio msala wake. Ndio maana ya jina. Kisiwa kilitiwa kwenye hifadhi mwaka 1998, na mwaka 2005 ikaja hifadhi kubwa ya mkondo wote wa Pemba. Mwanzoni wavuvi wengi hawakutaka kusikia habari ya kukatazwa. Kilichosaidia ni pale mafunzo yalipokuja kwa njia ya dini, masheikh wakakaa na wavuvi wakazungumza amana ya viumbe. Mtu aliyepuuza karatasi ya serikali hakuweza kupuuza hilo. Basi mwalimu, usiishie skuli. Nenda na chuoni, kwenye chuo cha Qur'ani. Mtoto wa Kizanzibari asubuhi yuko skuli, jioni yuko chuoni, na akiambiwa na maalim wake kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani, anakwenda nalo mpaka kwa bibi yake.

Chomboni kwangu kanuni ni moja: kilichotoka nchi kavu kinarudi nchi kavu. Chupa, mfuko wa mkate, hata kizibo.

---

Tuseme Ukweli

Mwalimu nakuheshimu, lakini niruhusu nipinge kidogo.

Nimeokota chupa pwani ya Makunduchi zina maandishi ya Indonesia. Ya Indonesia! Hoteli zinatupa, meli zinatupa, mjini magari ya taka hayafiki mitaa yote. Mtoto wa darasa la nne anakuja na kifuu cha nazi kupambana na hayo? Tunamtwika mtoto mzigo wa wakubwa. Viwanda vitengeneze vingine, serikali zikae zikubaliane, watoto wasome hisabati.

---

Bint Mwani

Kaka, nakushukuru kwa kusema wazi, na sehemu kubwa nakubaliana nawe.

Chupa za Indonesia ni kweli. Mkondo wa Ikweta wa Kusini unatoka mashariki ya Bahari ya Hindi unakuja upande wetu, na pwani nyingi za Afrika Mashariki zinapokea taka zilizosafiri maelfu ya kilomita. Nasi za kwetu zinachukuliwa na mkondo wa pwani kwenda kaskazini, kwa watu wengine. Hilo nimewaonesha watoto kwenye ramani. Lakini kifuko cha barafu chenye alama ya meno hakikutoka Indonesia, kaka. Hicho ni chetu.

Kuhusu serikali kukubaliana: Machi 2022 nchi za dunia zilikutana Nairobi zikaamua utengenezwe mkataba wa kimataifa wa plastiki. Wakakaa Busan mwishoni mwa 2024, hawakumaliza. Wakakaa Geneva Agosti 2025, wakaondoka bila mkataba. Mwanafunzi wangu aliyekuwa chekechea uamuzi ulipopita Nairobi sasa anasoma mwenyewe. Naomba wakubaliane, nami sitawasubiri.

Na wanaosema dawa ni kurejeleza tu, hesabu hii nilifanya na darasa la tano. Katika taka zote za plastiki zilizowahi kutupwa duniani mpaka 2015, zilizorejelezwa ni kama asilimia 9. Nikawapa vifuniko 100, nikawaambia watenge 9. Vile 91 vilivyobaki wakaniuliza viende wapi. Hiyo ndiyo hisabati yenyewe, kaka.

Ila umenigusa uliposema tunamtwika mtoto mzigo. Hilo ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Mtoto anayepelekwa kuokota taka za watu wazima kila Juni, kisha wakubwa wakaendelea kutupa, anajifunza kwamba pwani ina mfagiaji na mfagiaji ni yeye. Mimi nataka ajifunze kukataa kabla ya kuokota. Aseme "nitilie humu" na kikombe chake mkononi. Huo si mzigo, ni ulimi tu.

---

Mama wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Mimi nipo mjini, Ng'ambo. Pwani watoto wangu wanaiona Forodhani siku ya Iddi. Kwetu ni mtaro. Masika yakija unafurika, taka zinaingia mpaka ukumbini, na tukishapiga deki tunasahau. Kuwaambia hawa "lindeni bahari" wananitazama tu.

Na jengine, nisiseme uongo: mwanangu wa miaka tisa ndiye anayewasha jiko la makaa, na mimi ndiye niliyemfundisha kuwashia kwa kifuko cha plastiki, kwa sababu kinashika moto upesi. Nimesoma uzi huu nikajisikia vibaya. Nianzie wapi?

---

Bint Mwani

Dada yangu, anzia hapo hapo jikoni, tena leo. Moshi wa plastiki una sumu, na anayeinama kupuliza moto ni mtoto, pua yake iko juu ya jiko. Makumbi makavu ya nazi yanashika vizuri sana, na vifuu vilivyopasuka vinawaka kuliko makaa. Muuza nazi yeyote atakupa bure.

Na mtaro wako ndio pwani yako. Sikuambii hivyo kwa kukuridhisha. Kitu kikidondoka Ng'ambo kwenye mtaro, mvua moja ya masika inatosha kukifikisha baharini. Wangoje mvua ikatike, uwachukue wanao mkaufuate mtaro kwa miguu mpaka unapomwaga maji, wao wawe wanataja wanachokiona njiani. Usiwahutubie. Watoto wa mjini wana macho makali, watayajua mabaki ya duka lao. Tahadhari tu, wasiingie ndani ya mtaro wala wasishike kitu, maji yale ni machafu na ndani mna vigae na sindano.

Ya nyumbani ni haya haya ya zamani. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku hapa Zanzibar tangu 2006, na Bara wakafuata Juni 1, 2019. Kikapu kikarudi. Mpe mtoto kikapu chake kidogo cha ukili anapokwenda dukani, kiwe chake, akitundike mwenyewe kwenye msumari wake. Mtoto akiwa na kitu chake anakilinda.

---

Ubuyu wa Jioni

Mimi ni muuza ubuyu na barafu, karibu na skuli moja, siitaji. Nimesoma nikaona nisipojibu nitakuwa nimekubali kuwa mimi ndiye mchafuzi.

Mwalimu, ujue kifuko kwangu ni kipimo. Nafunga usiku, nahesabu, asubuhi najua nimetoka na vingapi na nimerudi na vingapi. Ukinitilia watoto arubaini wenye vifuu vya saizi arubaini, mimi napima kwa nini? Mwenye kikubwa atataka kijae. Na wakati wa mapumziko ni dakika chache, wote wananisukuma. Karatasi nilijaribu, nikazungusha za madaftari makuukuu kama za karanga. Karanga sawa. Ubuyu una sukari, unaganda na karatasi, mtoto anakula na wino.

Sikatai. Naomba tu msituletee sheria, tuleteeni njia.

---

Bint Mwani

Dada, maneno yako ni yale yale aliyoniambia mama wa ubuyu wa kwetu, tena alinikasirikia, wiki nzima hakuniitikia salamu vizuri. Na alikuwa na haki. Nilikuwa nimewatuma watoto na vifuu bila kukaa naye kwanza. Kosa lilikuwa langu.

Nilipomwendea nikamkuta anafunga vifuko kwa mshumaa, saa tatu ya usiku. Anakunja mdomo wa kifuko, anaupitisha kwenye moto, anaubana kwa vidole. Ncha za vidole vyake viwili zimeungua zikawa ngumu. Nikakaa nikamsaidia, na baada ya kufunga kama mia vidole vyangu vilikuwa vinawaka. Ndipo tukazungumza.

Tulichokubaliana ni kijiko. Kijiko kimoja cha chai, cha aina moja, kilichofungwa uzi kwenye mtungi wake wa ubuyu. Vijiko viwili shilingi 100, kifuu kiwe kikubwa kiwe kidogo. Kusukumana tulikutatua kwa foleni, anayesimamia ni mtoto wa darasa la sita na kila siku ni mwengine. Vifuko anavyo bado, kwa mpita njia, lakini anafunga vichache na analala mapema. Pesa ya kununulia vifuko na mishumaa imebaki mfukoni mwake.

Barafu bado imetushinda. Tulijaribu kugandisha kwenye vikombe vya bati na kijiti, zikawa zinachelewa kuganda na zinang'ang'ania kikombe. Kwa sasa anauza juisi ya ukwaju baridi kwa kikombe, vikombe vinaoshwa kwenye ndoo mbili. Mwenye njia bora ya barafu atuambie, namuomba kwa dhati.

---

Mkojani

Mwalimu, watoto wa kwenu wanajua kuogelea? Nauliza kwa sababu wa kwangu wameona mwamba wanauonea uchungu. Ambaye hajauona sijui utamwambia nini.

---

Bint Mwani

Umenigonga mahali penyewe, kaka.

Hawajui. Wavulana wengi wanajua, wasichana wachache mno. Wanakaa hatua mia kutoka maji na hawajawahi kuuona mwamba ulio hai. Wanaujua wa jiwe la kujengea na chokaa.

Tulibahatika kupata ziara ya Chumbe. Kile kisiwa chenye mnara wa taa wa mwaka 1904. Mwamba wake umehifadhiwa tangu 1994, haukuvuliwa, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiwapokea wanafunzi wa Zanzibar bila malipo kuwafundisha. Watoto walivalishwa majaketi ya kuelea na miwani ya kutazamia chini ya maji. Yule msichana asiye na meno ya mbele, sasa yameshaota, alikuwa ameishika shingo yangu haniachii. Akachovya uso mara moja, akautoa. Akachovya tena, akakaa. Alipoinuka alikuwa anapiga kelele: "Mwalimu, kumbe chini kuna rangi!"

Mtoto wa miaka kumi, wa pwani, baba mvuvi, bibi mkulima wa mwani, na ndiyo kwanza anajua kuwa chini kuna rangi. Nililia ndani ya ile miwani, ikajaa ukungu.

Kwa wasioweza kufika Chumbe, kwenye vijiji vyetu wapo wapiga mbizi na wavuvi wa pweza. Miwani miwili mitatu inatosha darasa zima kwa zamu, maji yakiwa ya kiunoni, mtu mzima pembeni. Wa kaskazini wana kasa wa Mnarani, Nungwi, tangu 1993. Wapelekeni.

Na mnakumbuka Februari 2019, jahazi la plastiki lilipofika Mjini kutoka Lamu? Lile la rangi rangi. Mita 9, limejengwa kwa tani kama 10 za taka za plastiki, ubavu wote umevishwa ndara kuukuu, kama 30,000, likakata kilomita 500 za bahari. Nilikuwepo. Kilichonivuta zaidi ni mafundi, waliolichonga kwa tezo na misumeno ile ile ya mbao. Mzee mmoja kando yangu alikuwa anagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anagonga tena. Nimewasimulia watoto, wakaniuliza zile ndara zilikuwa za nani. Nikawaambia za kila mtu aliyekatikiwa na gidamu akaiacha pwani.

---

Mama wa Ng'ambo

Nimewasha kwa makumbi leo. Yamechelewa kidogo lakini yameshika. Mwanangu kaniuliza mbona siku zote hatukufanya hivi.

---

Tuseme Ukweli

Mwalimu, nimekuelewa kwenye "kukataa kabla ya kuokota". Swali langu la mwisho: watoto wameshika, au ni moto wa makumbi?

---

Bint Mwani

Nakujibu kama ilivyo.

Miezi mitatu ya mwanzo walishika sana. Likizo ilipokuja, wakarudi baadhi wamepoteza vifuu, wengine mama zao wamevitumia kuwashia moto. Akaja muuzaji mwengine upande wa pili wa barabara, anauza kwa vifuko, na baadhi wakamhamia kwa sababu anatia rangi nyekundu zaidi. Tukachonga vifuu upya. Nimeshajua kuwa kila muhula tutachonga upya, na darasa la sita ndilo litakalowafundisha wa darasa la pili kusugua.

Lakini kuna hili. Mama yangu, niliyemtaja mwanzo. Vile vikamba vya kufungia mwani, kila kishina kwa kikamba chake, wimbi likija vinakatika, vinakwenda na maji. Miaka yote nimeona, sikuthubutu kumwambia. Mtu kasimama juani kwa saa tano nzima kunilisha na kunisomesha, nimwambie nini?

Mwanangu wa miaka minane ndiye aliyemwambia. Alikuwa amemsindikiza shambani, akaanza kuokota vikamba vinavyoelea, akavishika mkononi mpaka mkono ukajaa, akasema, "Bibi, nitie wapi?" Mama yangu akatazama huku na huku. Majini hakuna pipa. Akafungua kibwebwe chake, akatengeneza mfuko kwa ncha ya kanga, akamwambia, "Tia hapa."

Sasa kila jioni anakaa barazani na mjukuu wake, kibwebwe kinafunguliwa, vinamwagwa kwenye ungo. Vizima vinanyooshwa, vinarudi shambani kesho. Vilivyochakaa vinatiwa kwenye dumu lililokatwa, na hilo dumu sijui nilipeleke wapi likijaa. Mkojani, au wa Manispaa yeyote mliomo humu, nisaidieni hapo.

Wakulima wenzake wawili wameanza kufunga kibwebwe namna ile ile. Hakuna aliyewaambia.

Bamvua ijayo ni Jumamosi. Maji yatakuwa yamekupwa saa nne asubuhi, tutakuwepo na watoto na mkeka wetu. Anayeweza kuja aje, chai ipo. Aje na kikombe chake.